Naambiwa niwaze ufuo ili nitulie, mbona moyo ndio unazidi kwenda mbio?

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, ni mhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Dar es Salaam. Tangu mwezi wa kwanza, sasa miezi minne, nashtuka usingizini saa tisa usiku, moyo unadunda, viganja vimelowa jasho, na akili inaanza kupiga hesabu: kufunga mwezi, marejesho ya kikoba, ada za shule. Silali tena mpaka adhana. Mwenzangu wa kazini akanitumia sauti kwa WhatsApp. Mtu anakwambia fumba macho, uko ufukweni, sikia mawimbi, ona maji ya buluu. Nimeisikiliza karibu wiki mbili. Siku nyingi naona giza tu. Siku moja nilipojitahidi sana nikaanza kutetemeka, pumzi zikakata, nikamkumbuka kaka yangu aliyezama na ngalawa miaka 6 iliyopita. Nililia mpaka mume wangu akaamka. Dada yangu anasema mambo haya ya kufumba macho na kuwaza yanakaribisha majini, niyaache. Je, nina kasoro ya akili? Kuna watu ambao njia hii haiwafai? Au kuna mahali nakosea?"*

Dada yangu, pole. Nakupa pole ya usingizi na pole ya kaka yako, na nitaeleza mbele kwa nini sizitenganishi. Kwanza nikutoe hofu: kwa ulivyojieleza sioni kasoro ya akili. Naona mtu aliyechoka, ambaye mwili wake umeshika zamu ya ulinzi tangu mwezi wa kwanza na hajaja wa kuupokea. Tena naona mtu aliyepewa dawa ya mwenzake. Ile sauti ifute leo. Lakini njia yenyewe, ya kuutuliza mwili kwa taswira, usiiache bado, kwa sababu hujaijaribu. Ulichofanya kwa wiki mbili ni kujilazimisha kukaa kwenye ufuo wa mtu usiyemjua.

Watu wengi wanaokuja kwangu wameshaambiwa kwamba kuwaza mahali patulivu ni kujisahaulisha, au ni kujidanganya kidogo ili siku ipite. Ingekuwa hivyo nisingepoteza muda wako. Hebu nifuate kwa nusu dakika. Fikiria embe bichi, lile gumu la kijani ambalo hata harufu ya kuiva halijapata. Muuzaji wa pembeni mwa barabara amelimenya, amelichanja mistari, na sasa ananyunyizia chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Unachukua kipande. Kina majimaji, kinateleza vidoleni. Unakiuma kwa meno ya pembeni.

Mate yamekujaa, sivyo? Embe halipo. Tezi zako za mate hazikudai kuliona kwanza. Ubongo unapokiwazia kitu kwa undani huamsha sehemu nyingi zile zile unazotumia kukiona, kukisikia, kukinusa na kukigusa, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi, na habari ile inashuka hadi kwenye tezi, moyo, mishipa na misuli. Ujiambie "mate, tokeni" uone kama yatatoka. Hayatoki, kama vile moyo usivyotulia kwa kuambiwa utulie. Sehemu hizi za mwili hazipokei amri kwa maneno. Zionjeshe embe, zitaitika mara moja.

Sasa tazama saa tisa yako ya usiku. Chumbani hakuna mtu isipokuwa mume aliyelala. Bosi amelala kwake. Kikoba hakikai usiku. Lakini wewe unamwona mweka hazina akifunua daftari, anafika kwenye jina lako, anainua macho. Unausikia ukimya wa wenzako. Hilo nalo ni embe, dada yangu, ila ni embe la hofu. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kisehemu kidogo chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, na kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya hatari. Hakisubiri uthibitisho, kwa kuwa aliyesubiri uthibitisho wakati simba yuko vichakani hakupata wajukuu. Kengele ikilia, neva za dharura zinaamka, adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, viganja vinatoa jasho, na nyuma yake inafuata homoni ya kortisoli inayouweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini saa tisa hasa? Kwa sababu sehemu ya mwisho ya usiku usingizi wa mtu yeyote huwa mwepesi, na kortisoli huanza kupanda yenyewe kutuandaa kuamka. Mtu asiye na mzigo hugeuka upande akalala tena. Wewe ukigusa tu uso wa usingizi unakuta daftari la kikoba linakungoja.

Kwa hiyo ukiniambia huna kipaji cha kuwazia, sikubali. Unacho, tena kikali. Kila usiku kinakufanyia kazi usiyokituma.

Upande wa pili wa mfumo huo ndio tunaoutafuta. Kuna neva ndefu, vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo ikapita shingoni hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Yenyewe ndiyo breki. Kila unapotoa pumzi breki hii inakanyagwa kidogo na moyo unapunguza mwendo. Ukivuta pumzi inaachiwa. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, utoe pumzi polepole sana, na huenda ukausikia mwendo ukibadilika. Taswira tulivu ikiungana na pumzi ndefu ya kutoa, mwili unapata habari mbili zinazokubaliana: hapa ni salama, na breki imekanyagwa.

Nije kwenye giza. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu waiwazie meza yao ya chai ya asubuhi na waeleze wanavyoiona. Wengine waliiona kana kwamba iko mbele yao, na wengine, wakiwemo wasomi wakubwa, walimjibu kwamba hawaoni chochote. Mwaka 2015 daktari wa neva Adam Zeman na wenzake huko Uingereza waliipa hali ya kutoona kabisa picha akilini jina, afantasia. Si ugonjwa. Wapo watu wenye hali hii wanaofanya kazi zao, wanapenda, wanakumbuka, na wengine hugundua ukubwani kabisa kwamba wenzao wanaposema "naona" wanamaanisha kuona. Sijui kama wewe ni mmoja wao. Lakini hata ungekuwa mmoja wao njia hii isingekufungia mlango. Macho ni moja tu ya milango. Kuna watu wanaotulizwa zaidi na sauti, wengine na harufu, wengine na joto la kitu mkononi. Ile sauti ya WhatsApp ilikuwa inagonga mlango wa macho tu, "ona maji, ona mchanga," nawe ukaketi gizani ukijilaumu.

Halafu ule usiku uliotetemeka. Hapa nataka tukae kidogo.

Aliyerekodi sauti ile aliamini kwamba bahari ni pumziko kwa kila mtu. Pengine kwake bahari ni likizo. Lakini sisi watu wa pwani tunajua kwamba maji yana hesabu nyingine pia. Kuna familia nyingi ambazo ufuo ni mahali waliposimama siku mbili tatu wakingoja chombo kirudi, wakimwuliza kila mvuvi anayeshuka. Ulipoambiwa "sikia mawimbi", ubongo wako ulitii kwa ukamilifu. Ulikwenda baharini kweli, bahari unayoijua wewe. Ulimkuta kaka yako huko kwa sababu huko ndiko ulikomwacha. Kwa maana hiyo taswira ilifanya kazi vizuri mno. Ilipelekwa tu mahali pasipo pake. Ndiyo maana sipendi rekodi za jumla kwa mtu ambaye hajaulizwa kwanza: una kumbukumbu gani ya mahali hapa?

Lilikuwepo jambo la pili usiku ule, dogo lakini linatisha wengi. Kuna watu ambao mwili unapoanza kulegea ndipo hofu inapanda. Mlinzi aliyekesha miezi minne ukimwambia ghafla akae chini, atashtuka: nani atalinda? Wanasaikolojia wameijua hali hii kwa miongo kadhaa. Dalili zake ndizo hizo ulizoandika, mtetemo, pumzi fupi, hisia kwamba kitu kibaya kinakuja. Mara nyingi hupungua mtu akianza kwa dozi ndogo, macho yakiwa wazi, mchana. Ulianza na dozi nzima, macho yamefumbwa, usiku wa manane.

Na la tatu ni hilo neno lako, "nilipojitahidi sana". Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe. Walimuwaza, na waliporuhusiwa baadaye walimuwaza zaidi ya wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Mtu anayekaa chini akijiambia "nisiwaze mkopo, nisiwaze mkopo" anaulea mkopo. Kwa hiyo hatutafukuza chochote. Wazo la ada likija katikati ya zoezi, lione limekuja, kisha rudisha mkono wako kwenye kazi uliyokuwa unafanya. Nimesema mkono makusudi, utaona.

Dada yako ameogopa majini, na sitaidharau hofu yake, kwa kuwa inatoka kwenye mapenzi. Nikueleze tu zoezi lenyewe ni nini, kisha imani yako ipime. Humwiti mtu. Huachi akili tupu. Husemi maneno usiyoyajua maana. Huingii usingizi wa kuamrishwa na mtu mwingine, na unaweza kuacha wakati wowote, hata simu ikiita. Unakumbuka kitu ulichokiishi, kama unavyomkumbuka mama yako ukisikia harufu ya udi. Ukitaka, anza kwa bismillah au kwa sala yako. Wengi ninaowahudumia hufanya hivyo na inawasaidia. Na ukibaki na shaka, zungumza na sheikh au padri unayemwamini ukamweleza hivi hivi nilivyokueleza. Macho pia si lazima kuyafumba, na kwako wewe kwa sasa nakuambia yafumbue.

Niliwahi kumhudumia dereva wa malori ya masafa marefu, aliyeniruhusu kusimulia. Baada ya ajali barabarani alikuwa halali. Naye alishajaribu milima, maporomoko ya maji, ndege wakilia, na akaona ni upuuzi. Nikamuuliza: utotoni mwako, ni kazi gani ya mikono uliyokuwa ukiifanya na hakuna aliyekugombeza? Alinyamaza, akacheka, akasema: kukuna nazi. Shangazi yake alikuwa akimkalisha kwenye mbuzi jikoni kila Ijumaa. Tukaanzia hapo. Sikumwambia "ona jiko". Nilimuuliza ubao wa mbuzi unabana wapi mapajani. Kifuu kinashikwaje ili kizunguke. Mlio wa meno ya mbuzi ukoje nazi ikiwa bado nene, na unabadilikaje ukikaribia kifuu, maana hapo lazima upunguze nguvu usije ukakwangua weusi ukaharibu tui. Chembe zinaanguka kwenye sinia, nyeupe, baridi kidogo, na nyingine zinarukia vidole vya mguu. Alipofika kwenye ule ugeuzaji wa kifuu, robo duara, kwaru, robo duara, kwaru, mabega yake yalishuka bila mimi kumwambia. Pumzi yake iliufuata mkono. Hakuna bahari wala mlima ambao ungemfikisha pale.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haihusu kutulia. Inahusu kuchagua. Tafuta sehemu ndogo, ya kweli, uliyowahi kuwepo, ambayo mwili wako uliwahi kulegea. Iwe ndogo, pembe ya jiko ni bora kuliko kijiji kizima. Iwe na kazi nyepesi ya mikono kama inawezekana: kusuka ukili, kupepeta mchele, kuchambua mboga, kusukwa nywele ukiwa umeegemea magoti ya mtu. Isiwe na maji makubwa. Isiwe na mtu aliyefariki ambaye bado hujamlilia vya kutosha, wala mtu mliyegombana. Hapa huwa nawaonya watu: mahali panaweza kuwa pazuri na bado pakawa na mwiba. Jikoni kwa mama ni pazuri, lakini kama ndipo ulipopokea habari ya msiba, siyo pa kuanzia. Ukipata mahali, andika kwenye karatasi mistari mitano sita: sauti gani, harufu gani, miguu inakanyaga nini, mikono imeshika nini, mwanga unatokea wapi.

Kisha, kwa wiki mbili za mwanzo, usilifanye zoezi hili saa tisa usiku hata kidogo. Najua ndipo unapolihitaji. Lakini hakuna anayejifunza kuogelea siku chombo kinapozama, na unisamehe kwa mfano huo; nauacha kwa kuwa wewe utauelewa kuliko mtu yeyote. Lifanye mara mbili kwa siku ukiwa huna taabu, dakika tano tu. Asubuhi kabla ya kutoka, na jioni watoto wakishakula. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, macho yatazame sehemu moja chini mbele yako. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6. Usiibane katikati. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika, mwendo ambao tafiti nyingi za moyo na upumuaji zimeutumia. Ukihisi kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno. Vuta kidogo tu.

Baada ya pumzi kama kumi, nenda mahali pako kwa kupitia miguu. Sakafu ni ya saruji baridi au ya udongo? Halafu mikono. Halafu sauti. Harufu. Picha ikija, karibu, isipokuja usiitafute. Akili itatoroka, itakwenda kwenye hesabu za kufunga mwezi, na itatoroka mara ishirini. Kila ukigundua imetoroka, mkono urudi kwenye ukili. Kule kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Mtu aliyetoroka mara ishirini na kurudi mara ishirini amefanya kazi zaidi ya yule aliyesinzia. Dakika za mwisho, bana kidole gumba kwenye upande wa kidole cha shahada, kwa upole, ukiwa bado mahali pako. Ukilirudia kila siku, mbano huo unaweza kuwa ufunguo wa kuutumia ofisini chini ya meza bila mtu kujua. Mwisho taja kwa sauti vitu vitatu unavyoviona chumbani, nyoosha miguu, simama taratibu. Usilifanye ukiendesha gari wala ukiwa na sufuria jikoni.

Kama mwili utapandwa na hofu kama usiku ule, acha papo hapo. Tazama mlango, tazama dirisha, gusa kitu cha baridi, tembea hadi kwenye maji unywe. Kesho fanya dakika moja badala ya tano. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Wiki ya tatu ndipo ulipeleke zoezi saa tisa ya usiku. Ukishtuka, usiangalie simu. Mwanga wake na saa yenyewe vitakuamsha zaidi. Bana kidole, toa pumzi ndefu, nenda kwenye mikono yako. Ikipita kama dakika 20 kwa kukadiria na bado macho makavu, toka kitandani, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, endelea na zoezi au fanya kitu cha kuchosha, kisha urudi usingizi ukija. Kitanda kisizoee kuwa meza ya hesabu.

Nikuambie pia mipaka yake, maana wapo wanaouza taswira kama dawa ya kila kitu. Tafiti zinaonyesha inaweza kupunguza wasiwasi na mkazo, kwa mfano kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji, na wengine hupata nafuu ya maumivu na usingizi. Nyingi ya tafiti hizo ni ndogo na hazilingani kwa ubora, kwa hiyo mtu akikuahidi uponyaji kwa siku saba usimsikilize. Haitibu sonona. Haitibu kiwewe. Na marejesho ya kikoba hayatalipwa na ukili wa kuwaziwa. Kwa hayo ya fedha tenga nusu saa jioni, mapema kabisa kabla ya kulala, wewe na mume wako na karatasi: deni gani, tarehe gani, nani wa kuongea naye aongeze muda. Wewe ni mhasibu, unajua kwamba hesabu iliyoandikwa inatisha kidogo kuliko inayozunguka kichwani. Ikija saa tisa unaijibu kwamba ina kikao chake jioni.

Ukiona taswira haikukai kabisa, zipo njia nyingine zenye heshima ile ile. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alichapisha mwaka 1929 njia ya kukaza na kulegeza misuli, kundi moja baada ya jingine. Kwa mtu mwenye akili inayokimbia huwa rahisi kuliko kuwazia, kwa sababu misuli iko pale pale unaigusa. Kutembea kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki kunasaidia usingizi na wasiwasi, na sijui dawa iliyo rahisi kuliko hiyo. Kwa usingizi uliokatika kwa miezi, tiba yenye ushahidi bora ni ile ya mazungumzo inayobadili fikra na mazoea ya kulala. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 iwe ya kwanza kabla ya vidonge. Na kuhusu vidonge, tafadhali usinunue valiamu kwa kuambiwa na mtu. Zinalaza, ni kweli, lakini mwili huzizoea haraka, na kuziacha ni kazi nyingine.

Kabla ya yote hayo, wiki hii nenda ukapimwe. Miezi minne ya moyo kudunda na jasho haistahili kuchukuliwa tu kuwa ni mawazo. Waombe wapime presha, wingi wa damu, tezi ya shingo, na kama kuna uwezekano wa mimba nayo ipimwe. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kuleta dalili zinazofanana na zako, na hapo hakuna taswira itakayosaidia. Punguza kahawa na chai ya rangi baada ya adhuhuri.

Na kuna hali ambazo hutakiwi kusubiri wiki mbili wala tatu. Maumivu ya kifua yanayobana, kuzimia, au pumzi kukosekana hata ukiwa umepumzika: hospitali siku hiyo hiyo. Mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, hata kama yanapita tu: mwambie mume wako usiku huo huo, asikuache peke yako, mwende hospitali, usione aibu. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili. Ukiwa Dar, hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala ni mahali pa kuulizia huduma ya afya ya akili, na Muhimbili wana idara yake. Wasomaji wa Kanda ya Kati wanaijua Mirembe, Dodoma. Wa Nairobi, Mathari. Watu hudhani milango hiyo ni ya waliorukwa na akili. Wapo wengi wanaoingia hapo ambao ni watu kama wewe, wakiwa na mikoba yao ya kazini.

Kuna jambo moja ambalo nataka umwone mtu ana kwa ana hata kama usingizi utarudi. Ni kaka yako. Jiulize: anapokujia, unamkumbuka, au unaona tukio kana kwamba linatokea sasa? Unaota maji? Umeacha kupanda kivuko, unazunguka mbali usiione bahari, samaki sokoni wanakukera? Kama ndiyo, hicho kinaweza kuwa kiwewe, na kina tiba zake. Katika baadhi ya tiba hizo mtu hurudi kwenye lile tukio kwa makusudi, lakini akiwa na mtaalamu pembeni anayejua lini wasimame. Usiifanye peke yako saa tisa usiku kwa kutumia sauti ya WhatsApp. Kama ni kumkumbuka tu, na machozi, basi huo ni msiba ambao haujakaliwa vya kutosha. Miaka 6 si mingi, hasa kwa aliyekuwa na watoto wadogo na kazi, ambaye huenda alirudi ofisini arobaini haijafika.

Dada yako naye alimpoteza kaka huyo huyo. Anapokwambia acha kufumba macho, sijui kama anaogopa majini peke yake. Ningependa kabla hujaanza zoezi lolote mkae wawili, mchana, mahali pasipo na watoto, umwambie ulichokiona usiku ule ulipolia. Muulize yeye anamkumbuka wapi.

Kisha muulize jambo moja zaidi, kwa ajili ya karatasi yako: mlipokuwa wadogo, ni kazi gani ya mikono mliyokuwa mkiifanya pamoja, na ilikuwa na harufu gani.